Sajenti Gracien na Vita Aliyorudi Nayo Kilibula

Wasikilizaji wapendwa wa Uvira, wa bonde la Ruzizi, na ninyi mnaotupata huko kando ya ziwa, karibuni. Ni mimi Bénédicte. Leo tunamkumbuka Gracien Ndikumana. Sajenti Gracien, wa mtaa wa Kilibula hapa Uvira. Gracien amefariki. Tulimzika wiki iliyopita.

Najua wengi mmeshalisikia jina hili, na mmelisikia pamoja na neno lingine. Neno sumu. Limezunguka sokoni, limepanda pikipiki hadi Luvungi. Simu zinazoingia hapa studio haziulizi Gracien aliishi vipi. Zinauliza: nani alimpikia?

Nitawajibu. Lakini nitaanza na mtu mwenyewe, kwa sababu ukianza na sumu, mtu hutamwona.

Gracien alizaliwa Luberizi, kwa wakulima wa mpunga. Nyumbani Kirundi, barabarani Kiswahili. Kaka yake mkubwa, mzee Niyonkuru, alizungumza nami kando siku ya mazishi. Aliniambia: "Alikuwa mutoto wa kucheka. Alikuwa anaita hata muntu anapita njiani, ingia, kula na siye. Mama anapika, chakula haitoshi, sababu Gracien ameshaleta bantu wengine."

Aliingia jeshini akiwa kijana. Akamwoa Honorine, binti wa wavuvi wa hapa Uvira, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wakapata mtoto mmoja, Irakoze. Kila alipopewa ruhusa alikuja nyumbani, na majirani walijua amefika hata kabla ya kumwona, kwa sababu sauti yake ilivuka ua.

Kisha akapelekwa vitani, huko juu milimani. Akakaa sana. Aliporudi, alirudi mzima. Mikono yote, miguu yote. Watu wakamshukuru Mungu.

Honorine ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Siku ile ya kurudi alimwekea ugali na ndagala. Gracien akaitazama sahani. Hakunawa.

"Onja," akamwambia mkewe.

"Nionje nini?"

"Chakula. Onja weye kwanza."

Honorine alidhani ni mchezo wa askari. Akaonja huku akicheka. Gracien hakucheka. Alimtazama koo mpaka tonge likashuka. Alingoja kidogo. Ndipo akala.

Kesho yake ikawa vilevile. Na mwaka uliofuata, vilevile.

Alihamisha kitanda mbali na dirisha. Alikata mpapai uliokuwa unamzuia kuona njia, na mpapai ule ulikuwa unazaa. Mgeni akipiga hodi, Gracien hakuuliza habari za kwake. Aliuliza, "Nani amekutuma?" Irakoze akishika simu, baba alikuwa mlangoni. "Unasema na nani? Juu ya nini unasema polepole?" Ndugu zake walipotoka Luberizi kumsalimu kwa Kirundi, yeye aliwajibu kwa Kiswahili, kama mtu wa ofisini. Hilo lilimuuma sana mzee Niyonkuru. Akaamini kwamba Honorine ndiye amemgeuza mdogo wake. Alilisema waziwazi: "Yule mwanamuke wa ziwani amemufunga kichwa."

Kilibula nayo ikaanza kumwangalia Gracien. Mtu anasimama mlangoni asubuhi nzima akichunguza barabara: anachunguza kwa niaba ya nani? Anauliza maswali mengi: majibu anayapeleka wapi? Wakasema ni mpelelezi. Wengine walisema wa serikali. Wengine walisema wa wale wengine. Jirani yake mmoja aliniambia, "Akipita, tulikuwa tunanyamaza." Na Gracien, akiona wamenyamaza, alijua kuna jambo linapangwa. Yeye aliwashuku wao, wao wakamshuku yeye, na kila upande ulipata ushahidi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawapeleka kwenye Jumapili moja ambayo Kilibula haijaisahau.

Kulikuwa na kijana wa Luvungi, Ushindi, dereva wa pikipiki. Alimpenda Irakoze, Irakoze akampenda. Wazee wa Luvungi wakaja kujitambulisha, wakiongozwa na baba wa kijana, mzee Rémy. Gracien alikuwa amekubali waje. Alikuwa amevaa shati jeupe. Honorine alikuwa ametoka kwenye misa ya kwanza akaingia moja kwa moja jikoni.

Wageni wakashuka kwenye pikipiki, kundi la wanaume, wote na makoti ya heshima kwenye jua lile la Uvira. Mzee Rémy akaingiza mkono ndani ya koti. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia jasho.

Gracien alimrukia. Alimlaza mzee kifudifudi katikati ya ua, akamwekea goti mgongoni. Akamvua viatu. Akampekua kila mfuko, mbele ya wakwe, mbele ya majirani waliokuja kutazama sherehe.

"Nani amekutuma? Sema! Nani amekutuma?"

Mzee Rémy, mdomo kwenye vumbi, akajibu: "Mutoto wangu ndiye amenituma. Anapenda mutoto wako."

Hakuna aliyekula siku ile. Wageni walirudi Luvungi. Irakoze alifunga nguo zake aende kwa shangazi yake. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya baba yake. "Papa, adui ni nani? Ni minye, mutoto wako?"

Irakoze anasema angeweza kuvumilia matusi, hata kofi. "Lakini aliniangalia sawa na muntu mwenye anafikiria jibu."

Habari zilimfikia Frédéric, aliyekuwa askari mwenzake kule milimani. Akaja Kilibula. Alipoulizwa nani amemtuma, alijibu, "Nimejituma," akaingia. Gracien alipotoka uani, Frédéric alimweleza Honorine jambo ambalo mumewe hakulisema hata mara moja.

Kule juu kulikuwa na kijana aliyewapelekea maharage na kuwapikia. Alisema Kirundi. Mkubwa wa kikosi hakumtaka, alimwona ana macho mengi. Gracien ndiye aliyemtetea. "Huyu ni muntu wa kwetu. Minye ninajibu juu yake." Siku moja asubuhi yule kijana alipika, akala nao, akacheka nao, akashuka kuchota maji. Hakurudi. Waliopanda kwa njia ile ya maji walikuwa na bunduki, na walijua kila askari analala wapi. Wenzao wengi walibaki kule.

Honorine akauliza, "Alisema na nani juu ya mambo hii?"

"Hapana muntu."

"Hata minye, bibi yake? Sababu gani?"

Frédéric aliinamisha kichwa. "Mama Irakoze, weye ndiye ulikuwa unamupikia."

Frédéric hakuishia hapo. Alimshika Gracien mkono, akampeleka parokiani, kwenye kikundi cha askari na waliokuwa askari wanaokutana na muuguzi mmoja aliyesomea maumivu ya namna hii. Msidhani alifika akafunguka. Alimwuliza muuguzi maneno yao yanapelekwa wapi. Aliketi karibu na mlango, akanyamaza, mkutano baada ya mkutano. Halafu siku moja mwenzake mmoja akasema kwamba anaogopa kumbeba mtoto wake mchanga, kwa sababu mikono imezoea kazi nyingine. Hapo Gracien akaanza kusema. Alisema juu ya maharage. Alisema juu ya njia ya maji. Alisema, "Minye ndiye nilimuleta."

Aliporudi nyumbani alimwuliza Honorine, "Ile siku nilikuambia onja, uliumia?"

"Sana."

"Na hukusema."

"Nilifikiri nikisema, utaona ni alama ya kwamba ninaficha kitu."

Honorine anasema jioni ile walikaa jikoni pamoja hadi moto ukazimika. Na bado, ugali ulipoiva, aliuonja kwanza. Hakuambiwa. Aliona mumewe anahitaji.

Baada ya hapo Gracien alikwenda Luvungi. Frédéric alimsindikiza. Mzee Rémy alikuwa ameketi nje na majirani zake. Gracien akasimama mbele yao. Akavua viatu vyake, akainua mikono juu.

"Muzee, nisake na minye. Hapa, mbele ya bantu."

Frédéric anasema mzee hakumwangalia Gracien. Aliangalia kwanza nyuma yake, barabarani, kama amekuja na wengine. Aliangalia muda mrefu. Ndiyo, wasikilizaji, ugonjwa huu unaambukiza. Mwishoni mzee akasema, "Vaa viatu. Chini inachoma." Akaagiza kiti.

Irakoze na Ushindi walifunga ndoa. Gracien hakucheza siku ile. Alisimama kwenye lango, akamwangalia kila mgeni. Watu wa Luvungi walishaelewa. Wakifika kwake, walifungua makoti wenyewe, wengine wakitabasamu, ndipo wakaingia. Sitawadanganya kwamba Gracien alipona. Alipunguziwa mzigo, basi.

Sasa nakuja kwenye kifo chake, maana niliwaahidi.

Gracien alianguka mchana, akitoka ziwani, njia imejaa watu. Alifikishwa hospitalini akiwa ameshakata roho. Daktari aliiambia familia kwamba ni moyo. Alikuwa na tensheni, shinikizo la damu, na aliijua, na dawa alikuwa amepewa. Walipogeuza godoro walikuta vidonge vyote. Hakuwa akivimeza. Hakumjua aliyevitengeneza. Honorine aliniambia akilia, "Chakula niliweza kumuonjea. Dawa, munganga wa hospitali alikataza nionje."

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Gracien hakuwekewa sumu. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na dawa hakuiamini.

Lakini ndugu zake walipofika kutoka Luberizi, walikuwa wameshasikia neno lile njiani. Hawakuingia ndani. Walikataa chakula, walikataa hata maji. Mzee Niyonkuru alisimama uani, jeneza likiwa pale pale, akauliza kwa sauti: "Mudogo wangu alikula mu mikono ya nani mara ya mwisho?"

Honorine alitoka kati ya wanawake. "Mu mikono yangu, shemeji. Na mbele yake, minye nilikula. Siku zote, kila sahani. Kama ile sumu ilikuwako, mungekuwa munanizika minye, na yeye angekuwa analia hapa."

Mzee Niyonkuru alikwenda na wengine makaburini. Alisaidia kushusha jeneza, akatupa udongo, akapanda pikipiki akarudi Luberizi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa redio hii, tunampa pole Honorine. Pole Irakoze. Pole ndugu wote wa Luberizi, nanyi mmefiwa. Na wewe unayenisikiliza, labda nyumbani kwako kuna mtu aliyerudi mzima. Anauliza maswali ya ajabu, anasimama mlangoni. Kabla ya kumpa jina, mtafute anayejua alikotoka. Na ukisikia neno sumu, liulize nalo: nani amelituma?

Nimebaki na ujumbe mmoja. Honorine ameniomba niufikishe. Ni wa mtu mmoja, lakini sina njia nyingine ya kumfikia, maana simu yake haipokelewi.

Mzee Niyonkuru, matanga yanaondolewa Jumamosi. Shemeji yako anasema hakudai uombe msamaha, na hatakulazimisha kula. Anachotaka ni hiki. Irakoze ana mimba. Huyo mtoto siku moja atauliza babu yake alikuwa muntu gani, na hapa Kilibula sisi tunamkumbuka yule wa baada ya vita tu. Wewe ndiye unayemjua yule mwingine.

Kama redio yako iko wazi, mzee, njoo utuambie.