Ule Papa ya Kuulizaka

Kiti yangu murefu iko ku kona ya kuteremuka Nguba, hapa Bukavu, mbele ya musée, ile nyumba ya kulinda vitu ya zamani, na mwenye hapendi maneno apite upande ingine. Nauzisha kahawa hapo toka inchi ingali inaitwa Congo. Sasa iko Zaïre na kahawa iko ileile. Ile siku ya alhamisi tulikuwa tunangojea kumuzika Marcellin. Marcellin alikuwa anaandika etiketi: kila kitu ya musée, ye ndiye alikuwa anaiandikia chini jina yake, kwenye ilitoka, na kazi yake. Majina ya kizungu ilikatazwa, papier za serikali zilimunyima jina Marcellin, zikamupa ingine, lakini karibu na mbabula yangu ya makaa hakuna papier. Misa ilikuwa saa munane. Marteau, seremala wa musée, alikuwa ameisha kuchonga musalaba, ameuegemeza ku ukuta. Kulibaki maneno ya kuandika juu yake, na rangi ilikuwa inaanza kukauka ndani ya kikopo.

— Mama Godelive, ongeza kahawa, anasema Marteau. Bila kahawa mukono inatetemeka.

— Kunywa. Ukikosa herufi moja, Marcellin atafungua sanduku akusahihishe.

Balicheka wote batatu, batu ya musée, sababu ilikuwa kweli. Diksionere, karani mwenye kuvaa abacost, ile koti ya serikali, hata kama jua inapasua kichwa, alitoa bic ya kuandikia.

— Tuandike kama etiketi. Jina: Marcellin. Kwenye ametoka: Bukavu. Kazi yake…

Akatafuna bic.

— Kazi yake nini? Endelea, uko na diplome, anasema Marteau.

— Kujua. Kazi yake ilikuwa kujua.

— Alijuaje? anauliza Flash, mwenye kupiga vitu picha. Miaka kumi na mbili tuko naye. Université hakusoma, hata Minova, hapa karibu, hakufika. Lakini banaleta kitu ya porini jumatatu, kisha siku mbili jina iko chini yake, na jina ni ya kweli! Tueleze kwanza alijuaje, ndiyo tuandike.

— Kitabu, anasema Diksionere. Muzungu mumoja alimuachia kitabu. Iko chini ya plancher, zile mbao za chini.

— Ile plancher ni mi niliipigilia misumari, anasema Marteau. Chini yake kuko panya. Hapana, batu yangu, ye alikuwa anaongea na vitu. Nilimusikia na masikio yangu, niko natengeneza vitrine, sanduku ya kioo. Ameshika kiti ya mwami, mufalme ya zamani, anaiuliza: «Na weye, bakuitaka nani?»

— Kiti ikajibu?

— Sikungojea. Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu, na ile kiti ilikuwa na muguu moja imevunjika.

— Munacheza, anasema Flash. Ni bazee ya zamani, benye balikufa, balikuwa banamuingia ku kichwa, banamusemesha. Niko na picha yake. Nyuma yake kunasimama batu batatu, na ndani ya chumba alikuwa peke yake!

— Unasahauka kuzungusha film, nikamwambia. Hata mi, ku picha yangu ya carte ya serikali, ulinitia masikio ine.

— Sasa, kama bazee balikuwa banamuambia yote, anasema Diksionere, namba arobaini na moja je?

Arobaini na moja ni kitunga ndogo, yenye kamba mbili. Ile ilimushinda Marcellin. Mukubwa wa musée alitaka aandike «kitu ya uchawi», akakataa. Chini yake aliandika «Tungali tunauliza», na mpaka leo iko hivyo.

— Kofia ya mutoto ya mwami, anasema Marteau.

— Yenye matundu?

— Ya wakati ya joto.

— Kitunga ya kutegea roho ya mutu, anasema Flash. Ndiyo ilimukamata Marcellin.

— Marcellin alikamatwa na moyo, docteur alisema. Kunywa.

Mi nilijua namna Marcellin alikuwa anajua. Lakini hakuna hata mumoja kati yao mwenye aliniuliza.

Ndiyo akakuya mama moja na mukungu ya ndizi ku kichwa, amevaa mavumbi ya kamyo ya safari.

— Ule papa, ule muzee ya kuulizaka, iko wapi?

Marteau akageuza musalaba, upande wa uso ku ukuta.

— Papa gani, maman?

— Ule ya kukaa hapa ku pembe ya kiti, na kitu ndani ya gazeti. Anatununulia kahawa, sisi bamama ya soko, kisha anatuuliza. Alinionesha kitunga, nikasema sijue, nitauliza mama yangu kule Bunyakiri. Mi Cibalonza. Ye anijuaka. Naleta jibu.

— Jibu ni nini? Diksionere akasimama.

— Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ni ya kufunga mbuzi kinywa, isikule maharagi ya batu njiani.

Nikaangalia wale batatu, mumoja mumoja.

— Musée ingekuwa na vile vitunga ine, batatu yenu na moja yangu, tungekuwa tumeisha kuandika musalaba.

Kisha nikamwambia Cibalonza. Hakuna namna ya kuzungusha neno kama ile.

— Alikufa jumamosi. Tunamuzika leo.

Akatua ndizi. Hakulia. Alikaa pale ku pembe, kwenye toka asubui hakuna mwenye alisubutu kukaa, na nikamupa kikombe ya Marcellin. Alikunywa nusu, akabaangalia.

— Na ninyi, mulikuwa munafanya naye kazi?

— Miaka kumi na mbili, maman, anasema Flash.

— Sasa mbona ye hamukumuulizaka?

Flash aliangalia viatu yake. Diksionere, mwenye Kifaransa yote ile, akarudisha bic mufukoni. Marteau ndiye alichovya burashi, akageuza musalaba, akaandika polepole, na mukono haikutetemeka:

MARCELLIN. KU KITI YA MAMA GODELIVE. ALIKUWA ANAULIZA.

Rangi ilifika mpaka ku herufi ya mwisho. Kahawa haikufika. Nikainamisha birika mbele ya Diksionere: tone moja. Akashika kikombe ile tupu, akakohoa.

— Mama Godelive, na weye, ulizaliwaka wapi?

Miaka kumi na mbili ananywa hapa.

— Kahawa imeisha, nikamwambia. Lakini kaa.