Kura Arobaini na Moja za Jumapili Asubuhi

MKUNGA: Haloo? Ni nani?

FUNDI SAA: Kaka yako. Kwani namba haionyeshi?

MKUNGA: Namba inaonyesha, miwani ndiyo iko chumbani. Shikamoo, kaka.

FUNDI SAA: Marahaba. Hamjambo? Mguu je?

MKUNGA: Hatujambo. Mguu unavimba, unapoa, unavimba. Mbona unahema? Nani anakukimbiza?

FUNDI SAA: Nimekaa. Niko kwenye benchi nje ya maktaba, nahema kwa hasira. Nisikilize barua, uniambie kama imekaa sawa. "Kwa Msimamizi. Mimi, fundi saa mstaafu, nilipojiunga na kikundi hiki cha picha cha mtandaoni, sikuwa na kamera. Sikuwa na mwalimu. Sikuwa na mtandao nyumbani, wala meza ya kufanyia kazi, wala mtu wa kuniambia kwamba kidole changu kimeziba kioo. Sikuwa na rafiki humo, na sikutafuta. Sikuwa na —"

MKUNGA: Sikuwa na huruma kwa mke wangu, niliyemwacha na chakula kinapoa huku nikipiga picha ufagio.

FUNDI SAA: Mkunga!

MKUNGA: Si kweli? Ufagio! Siku mbili!

FUNDI SAA: Ulikuwa na kivuli kizuri. Usinikatize, salio langu si la kuchezea.

MKUNGA: Haya, nyoosha maneno. Wamekufanyia nini?

FUNDI SAA: Wameniangusha. Ile picha ya Kaka Mkubwa akigonga viatu. Nyota mbili.

MKUNGA: Mbili?

FUNDI SAA: Mbili kati ya tano! Jumamosi jioni nimelala nina nne nukta mbili, nashika nafasi ya kumi na nne. Picha ishirini za juu ndizo zitakazochapwa kubwa kama mlango na kutundikwa ukumbini hapa. Jumapili natoka kuoga, nafungua simu, mbili! Nikadhani ni simu. Nikaizima, nikaiwasha —

MKUNGA: Lakini ile picha ni nzuri, kaka. Misumari ameibana kwa midomo, mkono juu ya kiatu cha mtoto, mwanga wa mlangoni umemwangukia hapa begani. Mimi nilipoiona nilisikia mpaka harufu ya gundi.

FUNDI SAA: Na anayeongoza unajua ni nani? Kinyozi. Amepiga picha paka kakaa ndani ya beseni. Nne nukta tisa! Na paka mwenyewe amekatwa mkia.

MKUNGA: Maskini! Nani kamkata?

FUNDI SAA: Si paka, ni picha! Mkia umeishia nje ya picha. Mimi nilimpa nyota mbili, nikamwandikia na sababu. Wenzake wote tano, tano, tano. Wewe nipe, mimi nikupe. Mtu anaamka, hata uso hajanawa, amegawa nyota tano kwa watu thelathini. Hajatazama hata moja.

MKUNGA: Sasa ukiwapa watu mbili mbili, unategemea wakupende?

FUNDI SAA: Sitaki wanipende, nataka watazame! Shule ya jioni mwalimu wetu alinipa arobaini kwa mia, insha yangu ya kwanza. Nilikuwa na ndevu, nina watoto wawili. Arobaini! Lakini pembeni, kwa wino mwekundu, sentensi hii haina mwisho, neno hili umelirudia. Nikajua pa kushika. Hawa wanakutupia nyota kama mtu anayetupia kuku pumba. Hakuna jina, hakuna sababu, namba tu.

MKUNGA: [mtandao unakwaruza] … unasikia? Nasema, labda watu hawajaipenda tu.

FUNDI SAA: Hapana. Hii ni njama. Sikiliza, ndiyo sehemu yenyewe. "Kura arobaini na moja, zote za nyota moja, zimeingia Jumapili kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Watu wasiojuana hawawezi —"

MKUNGA: Ngapi?

FUNDI SAA: Arobaini na moja.

MKUNGA: Si arobaini na mbili?

FUNDI SAA: Arobaini na moja, nimehesabu mara — kwa nini mbili?

MKUNGA: [kimya]

FUNDI SAA: Haloo? Mtandao huu! Haloo?

MKUNGA: Nipo.

FUNDI SAA: Kwa nini arobaini na mbili?

MKUNGA: Kwa sababu tulikuwa arobaini na mbili. Mmoja simu yake ilizimika.

FUNDI SAA: Nani mlikuwa arobaini na mbili?

MKUNGA: Sisi. Akina mama wa kikundi cha ushonaji. Si tunakutana Jumapili asubuhi? Nikawaambia, jamani, kaka yangu yuko kwenye mashindano, na wenzake wanapigiana kura, yeye peke yake hana mtu. Tukaacha sindano, kila mtu akatoa simu. Binti wa jirani akatusajili mmoja mmoja. Tulitumia saa nzima, kaka! Tukakupa moja. Wote. Hakuna aliyekutupa.

FUNDI SAA: Moja.

MKUNGA: Namba moja! Wa kwanza! Si ndiyo —

FUNDI SAA: Mkunga, nyota moja ndiyo ya mwisho! Tano ndiyo ya juu! Moja ni kama kumwambia mtu akatupe simu chooni!

MKUNGA: Ningejuaje?

FUNDI SAA: Ungeuliza! Mtu mzima, umezalisha nusu ya mji —

MKUNGA: Usinipigie kelele! Ni nani aliyenifundisha? Nikiwa darasa la tatu nilirudi nyumbani nakimbia, nimeshika nafasi ya tano kati ya watoto hamsini na wanane. Nikakuonyesha wewe kwanza, kabla ya baba. Ukasema nini?

FUNDI SAA: Sikumbuki.

MKUNGA: Mimi nakumbuka. "Tano ya nini? Niletee moja." Ukaninunia wiki nzima. Basi nimekuletea moja. Arobaini na moja.

FUNDI SAA: [anacheka kidogo, anakohoa] Si la kuchekesha.

MKUNGA: Sikucheka mimi.

FUNDI SAA: Na hao akina mama waliitazama picha, angalau?

MKUNGA: Wengine. Simu za wengine hazifungui picha, zinazungusha tu kiduara. Nikawaambia wabonyeze, ni nzuri.

FUNDI SAA: Yaani hata mngebonyeza tano, zingekuwa tano za kiduara.

MKUNGA: Zingekupandisha.

FUNDI SAA: Zingenipandisha kama paka wa Kinyozi.

MKUNGA: Sasa si jambo jepesi? Ingia umwambie Msimamizi, akina mama walikosea kubonyeza, wafute. Unarudi kwenye nne yako.

FUNDI SAA: Hujui kanuni ya sita.

MKUNGA: Inasemaje?

FUNDI SAA: "Picha yoyote itakayoombewa kura na mwenyewe au na jamaa yake itaondolewa kwenye mashindano."

MKUNGA: Mjinga gani alitunga hiyo?

FUNDI SAA: Mimi.

MKUNGA: Wewe!

FUNDI SAA: Mwezi wa kwanza, kwenye mkutano. Nilisimama nikaisoma mara mbili. Nilikuwa namlenga Kinyozi.

MKUNGA: Ee Mungu wangu. Na barua hiyo umemtaja?

FUNDI SAA: Kwa herufi kubwa. "Naomba kura hizo za njama zifutwe, na KINYOZI, mwenye paka, aondolewe kikundini." Kura zikifutwa, narudi kwenye nne nukta mbili. Wa ishirini ana nne kamili. Naingia ukutani.

MKUNGA: Na wanakuamini?

FUNDI SAA: Mkutubi ndiye Msimamizi. Ananiamini kama saa yake, niliyoitengeneza mimi. Kila mtu anajua mimi na Kinyozi hatupikiki chungu kimoja. Hesabu zinafungwa leo saa kumi na mbili, na sanduku la barua analifungua saa kumi na moja. Liko hapa, hatua tatu.

MKUNGA: Mkutubi! Si unaweza kumwandikia kwa simu kama watu wengine?

FUNDI SAA: Malalamiko huandikwa kwenye karatasi. Ya simu mtu anayafuta kwa kidole gumba.

MKUNGA: [anashusha sauti] Kaka. Shati ameshalitoa.

FUNDI SAA: Nani?

MKUNGA: Kaka Mkubwa. Lile la mikono mirefu, la kwenda kujiona ukumbini. Amenipa nilipige pasi tangu juzi, limetundikwa nyuma ya mlango. Jicho la kushoto limeshafunga kazi kabisa. La kulia daktari amesema, tukibahatika, litaona mpaka mwisho wa mwaka. Nimemwambia utakuwepo ukutani, mkubwa kama mlango, hata kwa jicho moja utajiona.

FUNDI SAA: Kwa nini ulimwahidi?

MKUNGA: Kwa sababu wewe uliniahidi mimi!

[mtandao unakwaruza]

FUNDI SAA: … unanisikia?

MKUNGA: Nakusikia. Fanya hivi. Jina la Kinyozi lifute. Omba tu kura zifutwe, usiseme ni za nani. Si uongo huo. Unanyamaza tu.

FUNDI SAA: Na wakiuliza ni nani?

MKUNGA: Hujui.

FUNDI SAA: Najua. Umeshaniambia.

MKUNGA: Basi fanya kama sikupokea simu!

FUNDI SAA: Wasipoambiwa watamshuku yeye tu. Nimemsema kwa watu tangu Jumapili. Jana alinisalimia dukani, nikageuza shingo.

MKUNGA: Ulimnyima salamu kwa sababu ya sindano zetu?

FUNDI SAA: Nilimnyima salamu kwa sababu nilikuwa na uhakika.

MKUNGA: Nikuulize kitu, usikasirike.

FUNDI SAA: Nimeshakasirika, uliza.

MKUNGA: Anayetaka kuonekana pale ukutani ni Kaka Mkubwa, au ni wewe?

FUNDI SAA: [karatasi inakunjuliwa]

MKUNGA: Haloo?

FUNDI SAA: Nina karatasi moja safi. Subiri, niweke simu kwenye goti. Unanisikia hivyo?

MKUNGA: Unasikika kwa mbali. Unafanya nini?

FUNDI SAA: Naandika. "Kwa Msimamizi. Kura arobaini na moja za Jumapili … ziliombwa na jamaa yangu wa karibu —"

MKUNGA: Andika dada yangu.

FUNDI SAA: Haina haja watu wakujue.

MKUNGA: Andika dada yangu! Sikuiba. Nimezalisha wengi wao hao wapiga kura, nitajificha nini?

FUNDI SAA: "… ziliombwa na dada yangu mdogo, bila mimi kujua. Walikusudia kunisifu, wakakosea upande wa kubonyeza. Kanuni ya sita inahusika. Iondoeni picha yangu. Kinyozi hahusiki, na niliyoyasema juu yake nayafuta."

MKUNGA: Hujaomba hata kidogo! Omba! Waambie habari ya macho!

FUNDI SAA: Nikiwaambia habari ya macho, watakaotoa nyota watayapa macho. Picha hawataitazama.

MKUNGA: Una kichwa kigumu kama kile chuma cha Kaka Mkubwa cha kugongea viatu.

FUNDI SAA: Nimeongeza mstari. "Naomba safari nyingine atoaye nyota aandike na sababu, walau maneno matatu." Nimetia sahihi.

MKUNGA: Kaka, fikiri tena. Ile ya kwanza bado iko mfukoni?

FUNDI SAA: Ipo.

MKUNGA: Basi —

FUNDI SAA: Inachanika. Sikia. [karatasi inachanwa] Karatasi nzuri, ya mistari, nilikesha nayo.

MKUNGA: Haya. Haya, umemaliza.

FUNDI SAA: Bado bahasha. Gundi yake imekauka, hailambiki. Hebu — [anaibonyeza] — imeshika. Sasa nasimama. Magoti haya!

MKUNGA: Polepole.

FUNDI SAA: Yuko mama mmoja mlangoni ananitazama kana kwamba naongea peke yangu. Habari za leo, mama! Eeh. Nimefika. Mdomo wa sanduku mdogo, inabidi nikunje … Imeingia.

MKUNGA: Kweli?

FUNDI SAA: Imeingia. Nimesikia ikigonga chini. Hakuna barua nyingine humo.

MKUNGA: Kaka Mkubwa anaingia kutoka uani, nasikia fimbo yake. Ataniuliza. Atasema, vipi, tunakwenda siku gani? Nimwambie nini? Shati nililipiga pasi mwenyewe, kaka. Nimwambie nini?

FUNDI SAA: Salio linanililia hapa, sina hata dakika —

MKUNGA: Upesi basi!

FUNDI SAA: Mwambie alipata nne nukta mbili.

MKUNGA: Nne nukta mbili. Kwa watu wangapi?

FUNDI SAA: Kumi na tisa.

MKUNGA: Kumi na tisa tu?

FUNDI SAA: Kumi na tisa, Mkunga, wasiotujua. Hakuna aliyewaomba. Waliitazama wakaona —

MKUNGA: Kaka? … Kaka! Haloo? … [anageuka] Njoo ukae hapa, Kaka Mkubwa. Ndiyo, ni yeye. Amesema watu kumi na tisa.