Selina binti Mughwai, Aliyeandikwa kwa Jina Lake

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, akina mama, ndugu na majirani wote mliofika hapa Shelui leo Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1959, poleni sana na msiba huu. Historia hii anaisoma shemeji wa marehemu, Laurenti Alute, na kwa kuwa historia ya marehemu haisomwi kwa kujisema mimi, mimi, Laurenti atajitaja humu kwa jina kama watu wengine, hata pale panapomtia aibu. Laurenti anajua wengi mnanong'ona kwa nini asisome mwanawe Simeoni, ambaye ni mwalimu na sauti yake inafika mbali. Vuteni subira, jibu lake limo humu humu.

Marehemu Selina alizaliwa kijijini Issuna mwaka 1904, wakati wa kuvuna mtama, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mughwai, na tarehe yake hatunayo kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kuiandika. Shule ya utotoni hakuisoma, alichunga mbuzi wa baba yake na kusaga mtama kama wasichana wenzake wa Kinyaturu, mpaka mwaka 1922 alipoolewa na Yohana Alute, kaka yake Laurenti, ndoa ambayo Mungu aliijalia watoto watatu, Simeoni aliyezaliwa mwaka 1924, Rahabu mwaka 1927 na Antipasi mwaka 1930. Mwaka 1925 Yohana aliihamishia familia huku Iramba kutafuta kazi, akaajiriwa kuchimba dhahabu, na siku za mapumziko aliosha mchanga kwenye korongo lililo chini ya mlima wa Sekenke, akamfundisha mkewe kuzungusha karai mpaka maji yamwagike, mchanga utoke, na chini ibaki ile chembe ya njano.

Alipata elimu akiwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, kwenye darasa la ubatizo la misheni, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931, na pamoja na ubatizo akaondoka na kusoma na kuandika, jambo ambalo watu walilicheka, maana mwanamke wa korongoni kalamu ataiandikia nini?

Tarehe 17 Februari 1935 Yohana alifariki kwa homa ya mapafu, akamwacha Selina na watoto, karai, na mirija ya manyoya ya kanga ambamo wachekechaji wa mchanga walihifadhi unga wa dhahabu, wakiuziba mdomo kwa nta. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu mnunuzi mwenye leseni alikuwa na masharti yake, na karani wake, bwana Urbano, aliyafuata neno kwa neno: dhahabu hainunuliwi mpaka muuzaji ajulikane, aandikwe jina lake na la baba yake, kijiji chake na mtemi wake, aonyeshe stakabadhi ya kodi, kisha aweke dole gumba kitabuni, na yote hayo eti ni ili mali ya wizi isipite. Sasa, kodi walilipa wanaume, na mwanamke hakuwa na stakabadhi, kwa hiyo mbele ya kitabu kile mwanamke hakuwa mtu anayejulikana, hata kama korongo zima lilimjua.

Basi kwa miaka miwili Selina aliosha mchanga na Laurenti akauza, kitabu kikaandikwa Laurenti Alute, Laurenti Alute, ukurasa hadi ukurasa, na dole gumba lake likakaa pale vizuri. Mwanzoni Laurenti aliona anamsaidia shemeji yake, lakini kusikia jina lako likisomwa kitabuni kila wiki kunalevya, na mwezi Juni 1937 alikwenda kwenye baraza la mtemi akidai kwamba korongo, nyumba, watoto na mjane wote ni wake kwa kurithi, na ushahidi wake kitabu cha dhahabu. Baraza lilikiamini kitabu. Selina akapewa mpaka mavuno yajayo awe amehamia kwa Laurenti kama mke, na Laurenti alirudi nyumbani amevimba kichwa, Mungu amsamehe.

Selina hakulia wala hakutukana, alisaga unga wa safari, akawaacha watoto kwa jirani yake Mama Magdalena, akatembea siku nne hadi boma la Singida, na alipofika akasema amekuja kulipa kodi. Jamani! Mwaka ule wanaume wazima walikuwa wakilala vichakani wakisikia mtoza kodi anakuja, na tarishi wa boma, Idrissa, alimwuliza kwa upole kama ana homa, akamwambia, "Mama, wenzako wanaikimbia, wewe unaifuata?" Selina akamjibu, "Nipeni stakabadhi, baba. Bila hiyo mimi ni mali ya shemeji yangu." Walimrudisha, sheria haitozi wanawake. Akarudi tena mwezi Agosti, siku nne kwenda na siku nne kurudi, akarudishwa. Mwezi Septemba akaja mara ya tatu na kukaa barazani siku mbili, mpaka Bwana Shauri, mkuu wa boma mwenyewe, akatoka, akamsikiliza, akaisoma tena sheria ya kununua dhahabu, akakiri kwamba imesema muuzaji ajulikane, haikusema awe mwanaume. Akaandika barua yenye muhuri kwamba Selina auze kwa jina lake, kwa sharti moja, mwanaume wa ukoo wa mumewe amtambue mbele ya karani. Na mwanaume wa ukoo huo alikuwa mmoja tu.

Tarehe 4 Oktoba 1937 Laurenti alikwenda kwa karani Urbano akiwa ameshaamua kusema hamjui. Watu walijaa mpaka nje. Urbano akamwambia Selina aweke dole gumba, akaweka, likatoka doa jeusi tupu, lisilo na mstari hata mmoja. Akafutwa kidole, akaweka tena, doa. Mara ya tatu vilevile, mpaka Urbano akashangaa na kusema mtu huyu hana kidole, kwa kuwa miaka kumi na miwili ya mchanga na maji ilikuwa imeilamba ile mistari yote ikaisha. Laurenti alikitazama kitabu kilichokuwa wazi, akaona alama za dole gumba lake mwenyewe, safi, kila mstari unaonekana, kwa sababu kidole kile hakikuwahi kugusa karai.

Selina akaomba kalamu. Akaandika polepole, herufi moja moja, Selina binti Mughwai, mahali ambapo wanaume wote wa korongo walikuwa wameweka vidole. Urbano alipouliza kama kuna anayemjua mtu huyu, Laurenti alisikia mdomo wake ukisema, "Namjua. Ni Selina binti Mughwai, na dhahabu ni yake, hata ile ya nyuma." Barua ile ikapelekwa kwa mtemi, hukumu ikafutwa, na Selina akaishi nyumbani kwake, hakurithiwa na mtu.

Aliendelea kuosha mchanga hadi mwaka 1951, akasomesha watoto wote watatu, Rahabu akiwemo, kisha akalima mtama na alizeti hapa Shelui. Mwezi Julai mwaka huu alianza kuumwa tumbo, akalazwa hospitali ya misheni Kiomboi, na muuguzi alipomletea wino aweke kidole akubali kupasuliwa, marehemu akamwuliza kama hospitali imeishiwa kalamu. Akaandika jina lake. Alifariki Alhamisi tarehe 15 Oktoba, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi waliompigania hadi mwisho, Mama Magdalena na majirani waliolala nasi matangani, na wachekechaji wenzake waliochimba kaburi kwa mikono ileile.

Na sasa lile jibu. Wiki moja baada ya siku ile ya kalamu, Laurenti, mwanaume wa miaka thelathini na nne, alikwenda kwa shemeji yake akasimama mlangoni, akashindwa hata kusema alichofuata. Selina akamsogezea kigoda na kibao cha Simeoni, akaanza naye a, e, i, o, u, na hakumcheka hata siku moja. Mwezi uliopita, pale hospitalini, alimwambia, "Shemeji, siku yangu usome wewe. Uliwahi kuniuza kwa jina lako, sasa nisome kwa langu."

Laurenti amesoma. Selina binti Mughwai, pumzika kwa amani ya Bwana, kazi umeimaliza.