Daftari la Saba la Mwalimu Élisabeth

Ndugu, majirani na walimu mliofika hapa mtaani Shituru, mimi ni Augustin, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake, na nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo wengine humu, mimi wa kwanza, tungependa yarukwe.

Élisabeth Mbombo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Likasi, mji ukiitwa bado Jadotville, akasoma kwa masista, akapata diploma ya ualimu mwaka 1962, akafundisha Kifaransa tangu Septemba ile, na hakuiacha chaki hata mishahara ilipokatika mwaka 1991. Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na François, fundi wa kiwandani, wakajaliwa watoto wawili, Marlène na Dodo.

Mwaka 1992, jirani alipoanza kumwogopa jirani na familia nyingi zilizofukuzwa mjini zikalala stesheni zikingoja treni, dada alianza kuandika riwaya madaftarini. Kila mwaka alifundisha hadithi moja ya kale ya nyumba ya matajiri wa Ulaya, ambamo mtumishi mmoja mwanamke anatokea ukurasa mmoja tu, anafungua mlango, anabeba taa, basi, naye dada akaisimulia yote upya kwa macho ya mtumishi huyo. Nilipomuuliza faida yake, alinijibu: "Ule mwanamuke eko nafungula mulango, anaona byote, lakini hakuna muntu anamuuliza kintu."

Tarehe 20 Aprili mwaka huu wa 1996 kiharusi kiliua mkono wake wa kuume, mwezi wa saba akaniambia kwa shida kwamba madaftari yametimia saba, wala sikujiuliza ameandikaje, na tarehe 9 Agosti akatutoka. Kwa desturi yetu tulifunga chumba chake kabla mwili haujarudi, tukahesabu vitu, madaftari yakawa sita, lenye mwisho wa hadithi halipo.

Nilimshuku mwalimu Bertin, kwa kuwa ndiye aliyeazima daftari la kwanza alipige chapa kwa mashine ya shule, na kilio chake kilinikera, kikubwa mno kwa mtu asiye ndugu, nami jana nikamkagua koti mbele ya watu, nisipate kitu. Leo asubuhi nikapekua mifuko ya wanawake jikoni, nikalikuta ndani ya mfuko wa Aimée, aliyeingia nyumba hii mwaka 1974 kufua na kupika, nikafumbua kinywa kuita mwizi. Aimée hakusogea, alisema tu: "Mama alinambiaka nichunge, miye njo nachunga."

Nikalifungua. Mwandiko si wa dada, ni herufi kubwa zilizolala upande, ambazo dada alimfundisha Aimée juu ya meza ya jikoni; tangu kiharusi, marehemu alisema, yeye akaandika. Hapo nikaikumbuka historia hii niliyoiandika jana: masista wamo, kiwanda kimo, hata treni imo, lakini Aimée, aliyemlisha na kumgeuza kitandani, hakuwamo. Nimeona aibu, nimeiandika upya.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani waliokesha nasi, walimu wenzake, na Bertin, ambaye namwomba msamaha mbele yenu kama nilivyomkosea mbele yenu. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, na Aimée.

Dada yangu, pumzika kwa amani. Mimi nakaa chini, Aimée asimame atusomee mwisho.