Leonard Vavrek, Aliyejaza Glasi Hadi Kwenye Mstari

Leonard Anton Vavrek alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Manitowoc, Wisconsin, mtoto wa pili wa Anton Vavrek, mfua vyuma, na mkewe Bozena. Alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake. Mama yake alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo mara pekee mwanawe alipowahi mahali.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya mji, akamaliza mwaka 1969. Aliwahi kusimamishwa wiki moja kwa kuchachusha juisi ya tufaha ndani ya kabati la maabara. Mwalimu aliionja kwanza, ndipo akamsimamisha.

Kwa miaka kumi na tisa alichomelea vyuma katika kiwanda cha kreni. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988 alichukua kiinua mgongo chake akanunua baa ya pembeni, Mtaa wa Tisa, yenye paa linalovuja na viti kumi na vinne. Wengi walimwambia amepigwa. Hakupigwa, paa alilitengeneza mwenyewe.

Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Lorraine Hruska. Walikutana kwenye mlo wa samaki wa kila Ijumaa parokiani, Lorraine akiwa mgawaji. Leonard alirudi kwenye foleni mara nne.

"Wewe kaka, una minyoo?" Lorraine alimuuliza.

"Nina njaa ya kusalimiwa."

Akasalimiwa. Mungu akawajalia watoto wawili.

Anayemkumbuka Leonard humkumbuka pamoja na baba yake. Kila siku saa kumi alasiri Mzee Anton alikaa kiti cha mwisho, ukutani, akacheza karata na wenzake watatu, painti moja ya bia mbele yake. Mwaka 1998 moyo ukamsumbua. Daktari akamwambia apunguze kilevi, kiwe nusu ya alichozoea. Basi Leonard akamletea bia yake ileile katika glasi ndogo yenye mguu, kama zile ambazo baa za mjini zilikuwa zimeanza kutilia bia kali za kisasa. Mzee akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ni ya kunywa au ya kutibu kikohozi?"

"Baba, daktari kasema nusu."

"Kasema nusu ya kilevi. Hakusema nusu ya kukaa. Glasi hii itaisha karata hazijagawanywa, na mtu mwenye glasi tupu ni mtu anayeambiwa aende zake."

Leonard alishuka chini kwenye ghala na miezi saba akapika bia. Wakati huo kila mpishi wa bia alishindana kuongeza ukali. Yeye alishindana kuupunguza bila kuipoteza ladha. Pipa la kwanza, Lorraine alisema, lilikuwa maji yaliyooshewa mkate. La sita likawa jeusi, la kimea kilichokaangwa, asilimia mbili na nusu tu ya kilevi, nusu ya bia ya kawaida. Mzee Anton akanywa painti nzima polepole, akafuta mdomo.

"Hii inaweza kukaa na mtu," alisema. Ndivyo bia ile ilivyopata wanywaji wake: wazee, wauguzi waliotoka zamu, na wote waliokuwa na safari ya gari kurudi kwao.

Leonard hakuwa malaika, na angekasirika kusomewa kama malaika. Mwaka 2001 glasi zilikuwa zikivunjika ovyo. Shemeji yake Eugene Hruska, muuza vyombo vya baa vilivyotumika, akamletea masanduku ya glasi za kitako kinene. Kwa nje zilikuwa sawa na za zamani, ila zilibeba aunsi kumi na nne badala ya kumi na sita za painti kamili.

"Baa zote zinazo," Eugene alimwambia.

"Na baba je?"

"Mzee ana miaka sabini na tisa, Leonard. Hata gazeti anasomewa."

Lakini mikono iliyopima chuma miaka arobaini haikuhitaji kusomewa. Siku ya kwanza tu glasi hizo zilipotumika, Mzee Anton aliishika yake, akaipima kidogo hewani, akanywa, akavaa kofia. "Asante kwa bia, bwana," alimwambia mwanawe wa kumzaa, akatoka.

Siku kumi na moja hakuonekana. Kiti cha ukutani kilikaa kitupu na wenzake wakacheza watatu. Leonard alikonda. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba ule moyo mbovu ungesimama huku yeye akiwa bado "bwana".

Siku ya kumi na mbili alikwenda kwa baba yake na glasi mbili. Moja ilikuwa ya kitako kinene. Ya pili ilikuwa mpya, kubwa, yenye mstari kwenye aunsi ya kumi na sita, ili povu likae juu ya mstari na bia ifike mstarini. Aliijaza maji ile ya kwanza, akayamimina kwenye ya pili. Hayakufika.

"Zimepungua mbili, Baba. Nilijua."

"Najua ulijua. Ndiyo maana niliondoka. Ungekuwa hujui, ningekwambia." Mzee akaisogeza glasi yenye mstari. "Saa ngapi sasa?"

"Inakaribia kumi."

"Nipe kofia."

Alikaa kwenye kiti kile miaka sita zaidi, painti nzima kila siku, hadi alipofariki mwaka 2007.

Mwezi Mei mwaka huu Leonard aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Wiki ya mwisho muuguzi alimletea kinywaji katika kikombe kidogo cha mrija, Leonard akatikisa kichwa kukataa. Lorraine akaleta glasi yenye mstari, imejaa bia. Leonard alilowesha midomo mara mbili, iliyobaki akainywa mkewe, amekaa kando yake. Iliwachukua alasiri nzima. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka 72.

Ameacha mjane, Lorraine, watoto, Marcella na Conrad, wajukuu wanne, dada yake, Albina, na shemeji yake Eugene, ambaye bado ana masanduku matatu ya glasi za kitako kinene gereji kwake, na hayauzi.

Tukitoka makaburini, baa iko wazi. Msiwe na haraka. Mungu amjazie Leonard hadi kwenye mstari, na apumzike kwa amani.