Don Crisanto Ñurinda na Seti Aliyoivunja kwa Mkono Wake

Jumamosi tarehe 31 Agosti 2013, Don Crisanto Ñurinda anavua aproni baada ya miaka thelathini na minane ya kutengeneza seti za chumba cha kulala, katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake hapa Masatepe. Jarida la ushirika wetu wa maseremala limenipa mimi, Socorro Putoy, kazi ya kuandika habari zake, kwa kuwa nimepiga vanishi samani zake kwa miaka kumi na tisa na, kwa maneno ya katibu, "wewe ndiye usiyeogopa kuingia mle." Katibu amekosea kidogo.

Alianza mwaka 1975 kwa msumeno wa baba yake na randa ya kuazima. Kitanda chake cha kwanza kilitoka na mguu mmoja mfupi, mteja akakikataa, naye akakilalia mwenyewe miaka sita kwa ubishi tu. Mpaka leo akikaa kitini hukaa upande. Baada ya hapo hakukosea kipimo tena. Ametengeneza seti mia mbili na kumi na moja, na watu wametoka León na Granada kuja kusubiri zamu yao kwenye benchi la mlangoni pake.

Siri yake kila mtu mjini anaijua. Seti moja hutoka kwenye mti mmoja, uliokatwa mwezi ukipungua: kitanda, meza mbili za kando, kabati la nguo na meza yenye kioo cha kujitazamia. Huku kwetu seti hiyo huitwa juego, neno lile lile la mchezo wa watoto, na Don Crisanto hakuwahi kukubali mchezo wake uvunjwe. Bibi mmoja wa Managua alipotaka kabati peke yake, alimwuliza, "Mama, ungejifungua pacha ungebeba mmoja, mwingine ukamwachia nesi?" Bibi alinuna, lakini aliondoka na vipande vyote vitano.

Nami nilimtania sana. Nilimwambia, "Don Crisanto, mbao haina masikio." Akanijibu bila kuinua macho, "Wewe paka vanishi yako, Socorro."

Mwaka 2009 aliivunja sheria hiyo mwenyewe. Yamileth, mwanawe wa pekee aliyebaki naye tangu mama yake afariki, alipata kazi ya upishi Heredia, ng'ambo ya mpaka. Baba alikuwa amemtengenezea seti ya mwerezi, nami niliipiga vanishi mara saba. Gari lilikuwa na nafasi ya kitanda na meza moja tu ya kando. Binti alikuwa analia, dereva anapiga honi, na Don Crisanto akasema, "Chukua, mama, vingine vitafuata." Havikufuata.

Wiki hiyo hiyo droo ya meza ya kando iliyobaki ilianza kufunguka yenyewe. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilitoka upana wa kiganja, ikatulia kidogo, ikarudi. Tulipima sakafu kwa pima maji, ikawa sawa. Tulibadilisha reli, tukapaka nta, hata tukaigeuza meza ikatazama ukuta. Saa ilipofika, droo ilitoka na kugonga ukuta. Ndipo alipompigia binti yake simu, naye akacheka: "Papá, saa hiyo ndiyo natoa kitana changu kwenye droo nichane nywele."

Tangu siku hiyo mzee hakuhitaji saa. Alikunywa kahawa yake mbele ya ile meza, na droo ikirudi ndani alisema, "Haya, keshachana," kisha akaenda kushika randa. Miaka minne mfululizo. Wageni walishtuka, sisi tukazoea, na kusema kweli nilimwonea wivu kwa kupewa habari za mwanawe kila asubuhi.

Mwezi Mei mwaka huu Yamileth aliacha kupokea simu. Kazini kwake walisema hakuonekana. Mwenye nyumba wa Heredia alisema chumba kimefungwa kwa ndani, hasikii mtu akitembea, ila mpangaji wa chini analalamika kwamba kila asubuhi kuna droo inayovutwa. Mwenye nyumba anataka baba mzazi awepo ndipo mlango uvunjwe. Niliposikia hayo nilifanya ishara ya msalaba. Don Crisanto alitabasamu. "Si unaona? Yuko ndani. Anachana nywele."

Hiyo ndiyo sababu ya kustaafu kwake, wala si mgongo kama ilivyotangazwa kwenye mkutano. Anapeleka vile vipande vitatu Heredia ili mchezo ukamilike; amechelewa hivi kwa sababu pasipoti yake imetoka wiki hii tu. Ameuachia ushirika mashine na vibano vyote, na tunamshukuru. Kesho baada ya misa tutamuaga kwa supu ya utumbo atakayopika jirani yetu Doña Melba, na wenye mabega mapana waje mapema kuhamisha mashine.

Leo asubuhi tulivipakia vile vipande vitatu garini. Droo niliifunga mwenyewe kwa kamba, mizunguko minne, isije ikatoka njiani. Saa kumi na mbili na nusu kamba ilikaza. Halafu ikavutwa tena, kwa nguvu, mara nyingi, jambo ambalo halijapata kutokea, na vumbi la vanishi yangu likadondoka kwenye ukingo. Vijana waliotusaidia kupakia waliruka kutoka garini. Don Crisanto alipanda, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya mbao na kusema polepole, "Tulia, mama. Nakuja." Ikatulia.

Don Crisanto, ushirika wako unakupenda, nami nakupenda kuliko nilivyowahi kusema. Tunakutakia barabara nzuri na afya ya kufika. Na tunakuombea ubishe hodi mara moja tu, na anayekufungulia awe Yamileth.