Swali la Binti wa Sundby

Kila asubuhi benchi la nje ya kituo changu cha mafuta hapa Hegdal, Dakota Kaskazini, hujaa wazee watatu na kahawa yangu. Duane tunamwita Rada, kwa kuwa alikikodolea macho kioo cha rada jeshini mpaka yakamchoka. Orlin ni Shimo: serikali ilichimba shimo la kombora katikati ya shamba lake la ngano tangu enzi za baba yake, naye hulima akilizunguka. Wa tatu, Merle, ni Ufunguo. Miaka mitatu alikaa chini ya ardhi na mwenzake, kila mmoja na ufunguo wake. Amri ikija wazungushe pamoja, makombora yaruke kwenda Urusi. Huyo huongea kidogo kuliko wote. Jumanne hiyo Shimo alikuja na barua: wahandisi wanakuja kupima shamba, kombora la zamani litolewe, liwekwe jipya.

— Jipya la nini? — Rada akauliza. — La zamani limemkosea nani?

— Limezeeka kama wewe, — Shimo akamjibu.

— Nimezeeka lakini kazi niliifanya. Mrusi alishindwa kwa sababu yangu. Alijua huku kuna jicho halilali.

— Jicho gani, bwana? Si wewe uliyeona mabata bukini ukasema ni ndege za vita?

— Walikuwa wamejipanga kijeshi!

— Acha fiksi. Mrusi alishindwa na ngano yangu. Tulimuuzia mkate huku tumemwelekezea kombora, shamba lile lile! Utapigana vipi na anayekulisha? Ndiyo maana wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Hapo umechapia, mzee. Shimo ni lako, basi uingie wewe.

Nilicheka, nikawaongezea kahawa. Rada akashusha sauti.

— Niwaambie siri? Hilo jipya ni kopo tupu. Watalifukia, adui ahesabu, aogope bure.

— Adui yupi sasa? — Shimo akauliza. — Juzi jangwani, jana China, kesho kisiwa ambacho mjukuu wangu hakioni kwenye ramani. Zamani adui alikuwa mmoja, tena ana kofia ya manyoya.

— Zimwi likujualo, — Rada akasema taratibu, — halikuli likakwisha.

Nilikumbuka magari ya bluu ya jeshi yakipita Ijumaa, madereva wakipiga honi, mama yangu akitoka mbio na mkate wa moto. Nilikumbuka ukumbi wa dansi uliojaa vijana wa kila jimbo. Tuliwapenda, wala hatukuuliza walikuwa wanakwenda kufanya nini kule chini.

Gari la namba za Minnesota likasimama. Akashuka mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti limefungwa mpaka shingoni.

— Samahani, wazee wangu. Kuna anayemkumbuka Gerald Sundby?

Merle, Ufunguo wetu, akaweka kikombe chini.

— Mimi. Tulikuwa zamu moja.

— Naitwa Solveig, bintiye. Tulimzika Machi.

— Pole sana, mwanangu.

— Hakutusimulia chochote. Nimeendesha gari kwa muda wa saa saba nikiwa na swali moja tu. Amri ingekuja, baba angezungusha ufunguo?

Shimo akaikunja barua yake. Merle akakohoa.

— Tulifunzwa kwamba...

— Sikuulizi mlivyofunzwa, mzee. Namuulizia baba.

— Nilikaa hatua nne kutoka kwake miaka mitatu. Najua alivyokoroma, najua alivyochukia supu ya mbaazi. Hilo silijui. Sikumuuliza, naye hakuniuliza. Nadhani kila mmoja aliogopa jibu la mwenzake.

— Na wewe je?

Merle aliitazama mikono yake.

— Mimi nilipanda lifti kila mwisho wa zamu nikashukuru kwamba leo pia amri haikuja kuniuliza.

Hakuna aliyemcheka. Rada akasogea, akampa mgeni nafasi, na Solveig akaketi.

— Siku uliyozaliwa, — Merle akasema, — habari ililetwa kwa simu kule chini. Baba yako akalia. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea kusoma orodha ya ukaguzi, sauti ikimtetemeka. Ilibidi mistari ya mwisho nimsomee mimi.

— Baba alilia?

— Kama mtoto.

— Mimi sikuwahi kumwona akilia, — akasema, na sasa machozi yalikuwa yake.

Chupa ya kahawa ilikuwa tupu. Nikaingia ndani kuchemsha kahawa nyingine, na nilipochungulia dirishani, Solveig alikuwa ameushika mkono wa Merle, Shimo amevua kofia, na Rada, ambaye sijapata kumwona akinyamaza hata dakika mbili, alikuwa bado kimya.